Uzi wa Kushoto

Kavira alifika kwangu hapa Beu, mtaa wa mji wa Beni, juu ya lori la viazi, amekaa kati ya magunia mawili kama malkia ambaye gari lake limecheleweshwa njiani. Kule kwao Kipese, milimani, risasi zilikuwa zimeanza kusikika hata mchana, na watu walikuwa wakishuka, kila mmoja akielekea alikokuwa na mtu. Mtu wake yeye nilikuwa mimi. Hatukuwa tumeonana tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, na mimi ni mtu asiyenyamaza hata anapotafuna; ungedhani ningekuwa na maneno ya kujaza soko zima la Beni, halafu yabaki ya kupeleka Oicha. Sikuwa na hata moja. Alishuka, akapangusa vumbi la barabara usoni, akaingia, akaketi karibu na dirisha. Juu ya meza palikuwa na triko yangu, kofia ya sufu ninayomfumia mjukuu, ambaye katika joto hili la Beni anaivaa kwa kunionea huruma tu. Akaivuta, akaigeuza upande wa ndani, akaisogeza karibu na macho yake yaliyochoka, akaupitisha ukucha juu ya uzi. "Ungali unasokota na ile mukono," akasema. Ndiyo salamu yake ya kwanza baada ya miaka ambayo nikiihesabu nitaumwa kichwa. Nikacheka mpaka jirani akachungulia, na tangu siku hiyo ule mwaka wa Butembo umekuwa ukinirudia kila ninapokaa kimya, nao haurudi kwa mpangilio. Unakuja kama ukungu wa kule juu ulivyokuwa ukija, kipande kwa kipande, hapa bega la mtu, pale sufuria, pale sauti nyuma ya ukuta.

Mimi ninayeandika haya naitwa Kahambu, na kabla hujauliza, ndiyo, nina diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari. Niliipata kwa masomo ya jioni nikiwa tayari nyanya, nimekaa kwenye benchi la watoto, magoti yakigusa masikio, na niliandika mtihani wote kwa mkono wa kushoto bila mtu kunigusa. Nasema hivyo kwa sababu bila kuelewa habari za huo mkono hutaelewa kitu. Nilipokuwa mdogo, shuleni, walijaribu kunihamishia wa kulia kwa fimbo. Mkono wa kulia ukakataa kujifunza, wa kushoto ukakatazwa, na katikati yao mimi nikawa mtoto asiyeweza kuandika jina lake. Wakanirudisha nyumbani. Kurudishwa ni kitu kinachokaa ndani ya mtu. Mtaa mzima unakuona ukipita na begi lako saa ambayo wenzako wako darasani, na mbwa pia wanakutazama kwa namna nyingine. Kwa hiyo siku nilipokuwa msichana mkubwa nikapata nafasi ya kwenda kujifunza kusokota na kufuma huko Butembo, niliwaaga watu wa Beu kwa sauti ya juu sana. Niliwaahidi wote mapulova ya sufu, hata wauza samaki, hata mzee mmoja aliyekuwa akitembea bila shati mwaka mzima kwa sababu ya joto. Nilisema nitarudi monitrisi, mwalimu wa ufundi, au sitarudi.

Atelie, karakana yetu, ilikuwa katika depo ya zamani, ghala la kahawa, kwenye mteremko wa Butembo ambako ukungu ulikuwa ukiingia mlangoni kama mteja. Asubuhi nyingine ulikuwa mzito hivi kwamba tuliusukuma nje kwa mifagio. Wenzangu watasema ni uongo, lakini mimi nilikuwa na mfagio mkononi. Kuta zilinuka kahawa ya watu waliokwisha kufa, na sisi tuliongeza juu yake harufu ya kondoo aliyelowa. Chini ya dirisha ulisimama mtambo wa kufumia mablanketi, mkubwa kama kitanda cha chifu, na aliyeukalia ni mmoja tu, mwenye atelie, Mama Kyakimwa, mwanamke mfupi, mnyamavu, mwenye vidole virefu kuliko mwili wake ulivyostahili. Akikanyaga ubao wa chini, nyuzi hizi zinapanda na hizi zinashuka. Anapitisha uzi katikati, anavuta ubao wa kukazia, unagonga. Tulijifunza kupima siku kwa huo mlio wa mti. Sisi wanafunzi tulikuwa na benchi moja refu, bega kwa bega, kila mmoja na kijiti chake cha kusokotea, fimbo nyembamba yenye kisahani cha mti upande wa chini. Unakizungusha kwa vidole, unakiacha kishuke kikizunguka chenyewe, huku mkono mwingine unaachia sufu kidogo kidogo, na kitu kilichokuwa wingu kinageuka uzi mbele ya macho yako. Mpaka leo sijaona jambo linalonyamazisha watu kama lile. Hata mimi lilininyamazisha, na mashahidi wapo.

Kavira alikaa upande wangu wa kushoto. Alikuwa amezaliwa katikati ya kondoo, kule milimani, na uzi ulimtoka vidoleni kama maziwa. Tulilala pia chumba kimoja, cha nyuma ya atelie, kwenye kitanda kimoja, kwa sababu baridi ya Butembo haina adabu, inakufuata mpaka ndani ya soksi. Yeye alikuwa Mprotestanti, mimi Mkatoliki. Jioni aliimba nyimbo zake mimi nikisema rozari yangu, na kila mmoja alijitahidi kumaliza wa mwisho ili mwenzake asidhani Mungu amesikia upande mmoja tu. Kwenye sahani tuligombana vilevile. Yeye alisema obundu wetu, ugali wa muhogo, ni simenti. Mimi nilimwambia kiazi si chakula, ni kitu mtu anachotafuna akisubiri chakula. Halafu tukala vyote viwili, viazi vya kwao na obundu wa kwetu, maharagi juu na poro, vile vitunguu vya majani, zilizokatwa nyembamba, na mvuke ulipanda ukaungana na ukungu, mpaka hukujua tena sufuria inaishia wapi na hali ya hewa inaanzia wapi.

Shida yangu ilijulikana wiki ya kwanza. Vijiti vyote vya benchi vilizunguka upande mmoja, na changu kikazunguka upande wake, kwa sababu nilikizungusha kwa kushoto. Mama Kyakimwa akasimama mbele yangu, akakishika hewani kikiwa bado kinazunguka.

"Kahambu. Unaweza kupatia mukwe wako sahani na mukono ya kushoto?"

"Hapana, Mama."

"Uzi ni kitu ya kuvalisha mutu. Inagusa ngozi yake siku yote. Utavalisha mutoto ya batu na kushoto?"

Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniuma. Alichukua kipande cha kitenge, akafunga kiganja changu cha kushoto kwenye kiuno cha sketi, kwa upole, kama mtu anayemfunga mtoto mgongoni. Kwake hilo lilikuwa jambo la heshima tu, kama kunawa kabla ya kula. Akaweka pia sheria: uzi usiofaa hauingii kwenye kitunga, kile kikapu cha kazi za watu, na atakayeuingiza ataondoka pamoja na mwenye uzi. Basi nikasokota kwa kulia. Uzi uliotoka hapo sijui niuite nini. Pale nene kama kidole gumba, pale nyembamba kama nywele, halafu unakatika. Furaha, msichana wa Mbau aliyekuwa na mdomo kuliko wangu, na hilo si jambo dogo, aliuinua mbele ya wote. "Kahambu, hii ni uzi ao ni nyoka imemeza panya?" Benchi likatikisika. Lakini alfajiri, kabla ya kengele, nilikuwa nikikaa ukingoni mwa kitanda na kuokota mabaki ya sufu, na ule mkono uliofungwa kutwa ulikuwa ukijinyoosha na kusokota wenyewe, laini, sawasawa, bila mimi kuuambia kitu. Uzi ule niliuviringa madonge na kuyatia kwenye gunia chini ya kitanda. Kavira aliona. Aligeuka upande wa ukuta na kuvuta blanketi.

Sasa niseme kilichotuharibia sufu, kwa sababu bila hicho lisingetokea lolote. Kavira alikuwa ameitwa kwao kwa mavuno ya maharagi, na Mama Kyakimwa alikuwa kwenye matanga, wakati sufu mpya ilipofika kutoka milimani, mafuta, miiba na mavi ya kondoo vyote ndani. Ilibidi ioshwe. Tuliobaki tulikuwa watu wa nchi ya chini, ya joto, wa Beni, wa Oicha, wa Mbau, watu wa muhogo. Na mtu wa muhogo ukimpa kitu chenye harufu mbaya, anajua la kufanya, haulizi. Tukaloweka kwenye pipa mpaka maji yakageuka rangi. Tukasubiri inuke vizuri, maana muhogo ukinuka ndipo umeiva. Tukamwaga maji ya moto juu yake, tukaleta kinu, tukatwanga. Furaha alianzisha wimbo, mimi nikauzidisha, na nakuambia haijawahi kutwangwa sufu kwa furaha kama ile tangu kondoo wa kwanza aumbwe. Tukaanika juu ya mkeka kando ya barabara, kama inavyotakiwa. Kavira aliporudi alikuta kitu kimoja, kipana, kigumu kama mlango.

"Mulifanya nini?"

"Tuliosha," akasema Furaha.

"Muliosha ao mulitwanga?"

"Yote mibili."

Kavira aliketi pale mlangoni na mzigo wake wa maharagi bado kichwani, akacheka bila sauti, machozi yakimtoka. "Kondoo haiko muhogo, bandugu," akasema alipoweza. Na Mama Kyakimwa aliporudi aliinama akakigonga kile kitu kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi, akasikiliza, akaingia ndani. Sasa hivi ninapoandika, Kavira yuko uani anawasimulia wajukuu zangu habari hiyo, na amekwisha kufanya kinu kuwa vinu vitatu. Namwacha. Ameshaambukizwa.

Ndipo ikaja shule. Mama alikuwa amekubali kuwafumia watoto wa shule moja ya msingi mapulova, rangi ileile ya kondoo, kahawia. Kawaida yake ilikuwa kusokota nyuzi mbili ziwe moja, zishikane. Lakini zaidi ya nusu ya sufu ilikuwa imegeuka mlango, na nyuzi mbili zingekula mara mbili, basi akasema tufume kwa uzi mmoja. Mapulova ya kwanza yakatoka mepesi, mazuri, yakapigwa pasi, yakaenda. Siku chache baadaye nilikuwa jikoni nakoroga maharagi, mvua inanyesha juu ya bati, nikasikia Direkta wa ile shule akiongea na Mama upande wa pili wa ukuta wa mbao.

"Mama Kyakimwa, angalia. Hii mushono ilikuwa huku kwa mbavu. Tulifula na sabuni mara moja tu. Sasa iko wapi?"

"Iko kwa kitovu," akasema Mama.

"Kwa kitovu. Batoto bote. Bakisimama kwa mustari, ni kama banataka kukata kona."

"Ni sabuni yenu."

"Sabuni ni ile ya siku zote, Mama. Mimi hapana mutu wa matata. Lakini bazazi banacheka."

Mvua iliongezeka, nikasogea karibu na ukuta. "Unipatie mpaka mwisho wa mwezi," Mama alikuwa anasema. "Zote tutazifuma mupya. Nitaangalia mikono moja moja. Na kuko ule mutoto ya Beni, ule wa kushoto. Siku utarudi, kama uzi yake haijaingia kwa kitunga, nitamurudisha kwabo. Atelie haiwezi kuchunga mutu wa kuangalia tu."

"Basi ni yeye anaharibu?"

"Uzi yake haiko ndani hata kidogo."

"Sasa kama haiko ndani..."

"Haiko ndani na ziko mubaya hivi. Waza kama ingekuwa ndani."

Kijiko kilisimama chenyewe kwenye maharagi. Nilikuwa nimelisikia tena lile neno, kurudishwa, na ingawa nilikuwa jikoni Butembo, miguu yangu ilikuwa inapita mtaani Beu na begi, na wauza samaki wananitazama, na wote niliowaahidi wako vilevile, bila pulova. Nikifumba macho leo naisikia ile mvua. Ajabu ya kumbukumbu ni kwamba imeisafisha hofu yote ikaniachia harufu tu, ya maharagi yaliyoanza kuungua chini.

Wiki zilizofuata nilisokota kwa kulia kama mtu anayechimba mtaro. Kavira alinishika vidole akavizungusha na vyake. Furaha, ambaye mdomo wake ulikuwa mbaya na moyo wake mzuri, alinipa sufu yake iliyochambuliwa vizuri. Mama alipita kila jioni, akauvuta uzi wangu kati ya mikono yake, ukakatika, akauweka magotini mwangu. Benchi lilifuma. Ukungu uliingia, ukatoka. Na kwa kuwa sufu ilikuwa ikiisha, Kavira aliyekuwa na pulova la mwisho alipungukiwa uzi. Haya niliyajua baadaye: aliingia chumbani, akavuta gunia lililokuwa chini ya kitanda, akachukua madonge yangu ya alfajiri. Rangi yake ilikuwa imefifia kidogo kuliko ya uzi wake, kwa kuwa ni mabaki ya kondoo wengi. Ili isionekane kiraka, akafumua alichokwisha kufuma na kuanza upya, mistari miwili ya uzi wake, miwili ya wangu, miwili ya wake, miwili ya wangu, mpaka shingoni. Hakuniambia. Aliijua sheria ya kitunga kama tulivyoijua sote.

Siku ya Direkta niliamka nikafunga begi. Jioni iliyotangulia uzi wangu wa kulia ulikuwa umekatika mara ya mwisho, na Mama hakuuweka magotini, aliuweka juu ya meza, jambo ambalo wote tulilielewa. Nilivaa viatu vyangu vya safari, nikasimama karibu na mlango. Direkta alifika na beseni lake mwenyewe na sabuni yake mwenyewe, mtu mpole, mwenye aibu ya kazi aliyokuja kuifanya. "Mama, unisamehe," akasema, "leo tufule kwanza." Mama akasema afule. Wakatoka nje, benchi lote likawafuata, na mimi na begi langu nyuma. Direkta aliyachovya mapulova mapya, akayakamua taratibu, akayalaza moja baada ya jingine juu ya majani. Jua lilikuwa limepata tundu katika ukungu. Tukasimama tukitazama, na mbele ya macho yetu mapulova yakaanza kugeuka, polepole, kama watu wanaojigeuza usingizini, mbavu zikielekea tumboni, mikono ikikunjamana, yote upande mmoja. Nilimtazama Mama Kyakimwa na nikamwona, kwa mara ya kwanza, mdogo kama alivyokuwa.

Pulova moja halikugeuka.

Mama aliliona kabla ya Direkta. Alipiga magoti kwenye majani yaliyolowa, akalivuta huku, akalivuta kule, akaliacha. Likabaki sawa kama dirisha. Akalinyanyua, akalichovya tena mwenyewe, akalikamua kwa nguvu ambayo ingemnyoosha hata ng'ombe, akalilaza. Sawa.

"Hii ni ya nani?"

Nilihisi bega la kushoto kwangu limesogea, na Kavira akatoka mbele. "Ni mimi nilifuma, Mama."

"Ulifanya nini?"

"Uzi yangu ilipunguka." Alikuwa anatazama miguu yake. "Nusu ni yangu. Nusu ni ya Kahambu. Ya mukono ile."

"Ulitia kushoto kwa kazi ya batu."

"Ndiyo, Mama."

"Unajua sheria."

"Ninaijua."

Furaha alinishika mkono, akanikwaruza kwa kucha bila kujua. Mama aliagiza donge la uzi wa Kavira na donge la uzi wangu yaletwe. Akakata kipande cha kila uzi, akakikunja katikati, akaziachia ncha. Uzi wa Kavira ukajizungusha kulia. Wangu ukajizungusha kushoto. Akarudia. Akaliinua lile pulova kuelekea kwenye jua, akafuata kwa kidole mistari, mweusi kidogo, mweupe kidogo, huu ukivuta upande wake, huu ukiuvuta urudi. Ukungu ulikuja ukamfunika mpaka kiunoni, ukaondoka, na yeye bado yupo.

"Kahambu, kamata kijiti."

Niliweka begi chini. Nilisokota palepale, nimesimama na viatu vya safari, kwa kushoto, mbele ya Direkta na benchi zima, na uzi ulishuka kama ulivyokuwa ukishuka alfajiri, bila fundo, mpaka kijiti kikagusa majani.

"Nani alikufunza?"

"Hakuna mutu, Mama. Iko nakwenda yenyewe."

Alinyanyuka akipangusa magoti. "Mutu anavaa pulova na mikono mibili," akasema, akijibu, nadhani, swali ambalo alikuwa amejiuliza mwenyewe. Kisha akamgeukia Direkta. "Hizi zingine uziache. Tutazifumua."

Ulipaswa kusikia jinsi benchi lilivyoguna. Kwa kuokolewa kwangu, kila mmoja wao alikuwa anapoteza kazi yake yote ya mwezi. "Kahambu," Furaha akaninong'oneza, "ile mukono yako itatukula sisi bote."

Direkta alikuwa anakusanya beseni lake. "Na huyu mutoto? Huyu wa kurudi Beni?"

"Nani alisema anarudi Beni," akasema Mama Kyakimwa, na akaingia ndani kwenye mtambo wake.

Nilisokota miezi iliyofuata kuliko buibui wote wa Kivu. Nusu ya uzi wa shule nzima ilipaswa kuwa wa kushoto, na kushoto alikuwa mtu mmoja. Nikiunyoosha uzi ule ungetoka Butembo, ukapita Maboya, ukaizunguka Beni, ukaenda kunywa chai Oicha na kurudi kabla ya mvua. Direkta alipokuja tena na beseni lake, mapulova yalilala juu ya majani yakabaki yalivyo. Nimekwisha kuwa monitrisi, nimekwisha kuwafunza wasichana wengi hapa Beni, na kila anayekuja na mkono wa kushoto namkaribisha kama ameniletea nyama. Lakini si hayo ninayoyaota. Ninaota asubuhi iliyofuata ile siku pulova moja lilipokataa kugeuka.

Tuliingia kwenye benchi kama siku zote, nikakaa mahali pangu, nikazungusha kijiti kwa kushoto, na kiwiko changu kikagonga kiwiko cha Kavira, vijiti vyetu vikanasana hewani. Tulijitenga, tukaanza tena, vikanasana tena. Mama akatazama, akaleta kigoda, akakiweka upande wa pili wa chumba, mbele ya benchi. "Kaa pale. Hapo hautagonga mutu." Niliinuka na sufu yangu nikahamia, na kwa kitambo nilijisikia kama nimerudishwa kweli, hatua chache tu, lakini kurudishwa. Kisha nikainua macho. Miezi yote hiyo nilikuwa nimemjua Kavira kwa ubavu, bega, sikio, kipande cha shavu, joto la mgongo usiku. Sasa nilikuwa namwona uso mzima, katika ule mwanga wa maziwa wa dirishani, mdomo umekazwa kidogo anapoachia sufu, alama ndogo juu ya nyusi ambayo sikuwa nimeijua. Kijiti chake kilizunguka upande wake, changu upande wangu, kama watu wanaopishana njiani.

"Kavira," nikasema kwa sauti ndogo, na kwangu hiyo ni kazi. "Sababu gani ulisema mbele ya Mama? Angekufukuza na weye."

Hakusimamisha uzi. Aliuacha ushuke mpaka karibu na sakafu, akauviringa, akaangalia kama umekaa vizuri.

"Chumba iko baridi," akasema. "Ningelala na nani?"